Shajara ya mradi: kuchagua toleo moja la Kind of Blue kwa chumba cha kusikilizia

4 Januari 2025

Leo nimeanza kazi niliyoikubali kabla ya mwaka kwisha: kuchagua toleo moja la albamu ya jazi ya Kind of Blue ya Miles Davis litakalowekwa katika chumba cha kusikilizia muziki tunachokiandaa hapa Tanga kwa ajili ya vijana wanaojifunza tarumbeta, saksofoni na kinanda. Fedha zilizotengwa zinatosha kununua nakala moja nzuri, kwa hiyo sina nafasi ya kujaribu na kukosea mara nyingi.

Nilipoombwa nilidhani ni kazi ya jioni moja. Albamu yenyewe ni fupi na inajulikana: vibao vitano vilivyorekodiwa kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili 1959, katika studio ya kampuni ya Columbia ya Mtaa wa 30 jijini New York, ndani ya jengo lililowahi kuwa kanisa, na ikatolewa tarehe 17 Agosti mwaka huohuo. Wapigaji ni Miles Davis kwenye tarumbeta, John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksofoni, Bill Evans kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye drams. Wynton Kelly alikaa kwenye piano kwa kibao kimoja tu, Freddie Freeloader. Lakini tangu mwaka ule albamu hii haikuacha kuchapwa upya, na matoleo yake hayatofautiani kwa jalada na bei peke yake. Yapo ambayo upande wake wa kwanza unasikika juu kidogo kuliko noti zilizopigwa studioni. Kwa mtu anayesikiliza akiwa amejilaza, jambo hilo huenda lisimsumbue. Kwa kijana anayetaka kupiga pamoja na santuri, ndilo jambo la kwanza.

Kwa hiyo nimeandika kipimo changu kabla ya kusikia chochote: toleo litakalochaguliwa lazima mwanafunzi aweze kuketi nalo akiwa na ala iliyorekebishwa noti zake sawasawa, na asilazimike kuigeuza ili ipatane na mashine.

11 Januari 2025

Nimeitoa kabatini santuri ya marehemu baba, ambayo aliinunua Mombasa enzi za kazi yake ya meli. Ina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi CBS, na imechapwa Uingereza. Vijana wawili walioniona nayo waliniuliza kwa nini haijaandikwa Columbia kama picha wanazoziona kwenye intaneti, nami nikaona vyema jibu liingie humu. Nje ya Amerika ya Kaskazini, kampuni ya Columbia ya Marekani haikuwa na haki ya kulitumia jina lake, kwa sababu Columbia ya Uingereza, iliyokuwa chini ya EMI, ndiyo iliyokuwa na jina hilo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wakatumia jina la CBS kwa masoko ya nje. Ndiyo maana neno Columbia ambalo wazee wetu wa taarab walilisoma kwenye santuri zao za kale lilikuwa la kampuni nyingine kabisa, na ndiyo maana anayetafuta santuri za zamani za Miles Davis katika maduka ya mitumba ya pwani hii atafute CBS.

Nilipiga upande wa kwanza nikiwa na kinanda cha umeme mbele yangu, kilichowekwa kwenye noti ya kawaida ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde. So What, kibao cha kwanza cha albamu, imejengwa juu ya noti ya D, inapanda nusu toni hadi E-flati katikati, kisha inarudi D. Nilibonyeza D na kusubiri besi ya Chambers. Besi ilikuwa juu. Haikuwa juu kwa nusu toni nzima, la sivyo ningecheza tu katika E-flati na mambo yakaisha. Ilikuwa pale katikati ambapo hakuna kitufe kinachokubaliana nayo, na sikio linawashwa.

12 Januari 2025

Kabla ya kuilaumu santuri ni lazima kuichunguza mashine. Nimebandika kipande kidogo cha karatasi nyeupe ukingoni mwa lebo na kuhesabu mizunguko kwa saa ya simu. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inapaswa kuzunguka mara 100 kamili katika dakika tatu. Nimehesabu mara tatu, na mara zote mzunguko wa mia umefika pamoja na dakika ya tatu, au nukta moja kabla yake.

Lakini uthibitisho mzuri zaidi ulikuwa nyuma ya santuri ileile. All Blues, kibao cha kwanza cha upande wa pili, kinakaa kwenye G, na nilipobonyeza G kwenye kinanda kilipatana nayo vizuri kabisa. Mashine ingekuwa inakimbia, ingekimbia kwa pande zote mbili. Upande mmoja ukipatana na mwingine ukakataa, kosa haliko kwenye mashine ya mtu aliye Tanga. Liko kwenye kanda iliyorekodiwa New York.

Nimefurahi kupita kiasi kwa jambo dogo namna hii, na mpwa wangu aliyekuwa akinishikia saa aliniambia, "Mjomba, sasa na mimi nimesikia," baada ya kuwa amekana siku nzima.

19 Januari 2025

Wiki hii nimekaa na chanzo cha kosa, kwa sababu sitaki kumpa mwanafunzi toleo "lililorekebishwa" bila kumweleza kilichorekebishwa ni nini.

Siku ya tarehe 2 Machi 1959 kikundi kilirekodi Freddie Freeloader, So What na Blue in Green, yaani upande wote wa kwanza. Studio ilitumia mashine mbili za kanda kwa pamoja, moja ikiwa kuu na nyingine ya akiba endapo ya kwanza ingeharibika. Siku hiyo mashine kuu ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, nami nilichanganyikiwa pia hadi nilipolichora kwenye karatasi: kanda ikipita polepole wakati wa kurekodi, muziki unaandikwa juu ya urefu mfupi wa kanda, kesho yake kanda ileile ikipigwa kwenye mashine yenye kasi sahihi, urefu ule mfupi unapita haraka, na kila kitu kinasikika kimeenda mbio kidogo na kimepanda noti kidogo. Mashine iliyochelewa huzaa muziki unaowahi. Kikao cha tarehe 22 Aprili kilirekodiwa kwa kasi sahihi, na ndiyo maana All Blues na Flamenco Sketches hazina tatizo hilo.

Kanda kuu ndiyo iliyotumika kutengeneza santuri, na kosa likasafiri pamoja nayo kwa zaidi ya miaka 30, katika nchi zote, santuri kwa kaseti. Kanda za akiba zilikuwa zimehifadhiwa zikiwa na kasi sahihi. Toleo la kwanza la kampuni yenyewe lililolirekebisha jambo hili lilikuwa CD ya dhahabu ya mwaka 1992. Mwaka 1997 likafuata toleo la bei ya kawaida, ambalo fundi Mark Wilder alilichanganya upya kutoka kwenye kanda za njia tatu, yaani zenye sauti tatu zilizorekodiwa sambamba, na humo likaongezwa pigo la pili la Flamenco Sketches. Kibao hicho ndicho pekee katika albamu nzima ambacho kikundi kilikipiga hadi mwisho zaidi ya mara moja. Hivyo vingine vyote tunavyovisikia ni mara ya kwanza walipofika mwisho bila kukatika. Kila nikilikumbuka hilo ninalazimika kusimamisha kazi kidogo.

Swali lililonisumbua usiku ni hili: lipi kati ya matoleo haya ndilo albamu yenyewe? Wapo wasikilizaji wanaoshikilia kwamba ni lile la kale, kwa sababu ndilo lililosikika kote duniani kwa miongo mitatu, na wanamuziki wengi walikua nalo. Naiheshimu hoja hiyo, na baba yangu aliondoka duniani akiijua So What kwa kasi ile tu. Lakini mimi nasimama na chumba kile cha Mtaa wa 30. Wale watu walipiga katika D, kwa mwendo fulani uliotulia, na hakuna hata mmoja wao aliyechagua kupandishwa. Kosa la mashine halikuwa uamuzi wa msanii, na umri wa kosa hilo haulifanyi kuwa uamuzi wake.

2 Februari 2025

Hasara. Nakala niliyoiagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni imefika, nayo siyo niliyoionyeshwa. Picha ilikuwa ya toleo la Columbia. Kilichofika ni santuri mpya, nzito, yenye jalada linalong'aa, ya kampuni ndogo ya Ulaya, ambayo haitaji popote kanda iliyotumika wala fundi aliyeiandaa. Nimepima upande wa kwanza: uko juu, kama ule wa baba.

Nimejifunza kwa nini zipo nyingi hivi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rekodi zililindwa kisheria kwa miaka 50, kwa hiyo albamu ya mwaka 1959 ikawa huru mwanzoni mwa mwaka 2010. Muda ulipoongezwa kufikia miaka 70, mwaka 2013, nyongeza haikuzirudia rekodi zilizokwisha kuwa huru. Kampuni yoyote kule inaweza kuichapa bila kugusa kanda asilia, ikachukua sauti kutoka kwenye CD au santuri yoyote iliyo karibu nayo. Baadhi huenda zikawa nzuri, lakini mnunuzi hana njia ya kujua kabla ya kulipa, na neno "gramu 180" lililoandikwa kwa herufi kubwa halimwambii chochote kuhusu sauti. Uzito ni wa plastiki.

Tangu leo sheria yangu ni moja: toleo lisilosema sauti yake imetoka wapi silinunui kwa fedha za vijana. Muuzaji amekubali kurudisha nusu ya bei. Nusu iliyobaki nimeifidia mwenyewe.

9 Februari 2025

Mono, yaani sauti zote katika njia moja, au stereo, yaani sauti zilizogawanywa kushoto na kulia? Albamu ilitolewa kwa namna zote mbili tangu mwanzo, mono ikiwa na namba CL 1355 na stereo CS 8163. Mwaka 2013 mono ilitolewa upya ikiwa imeandaliwa na Wilder, na rafiki mmoja amenikopesha.

Nitasema wazi kwamba kwa starehe yangu mwenyewe ningeichukua mono. Sauti zote zinatoka mahali pamoja, kama watu waliosogeleana kwenye mkeka mmoja, na besi ya Chambers ina nyama. Kwenye Blue in Green, tarumbeta ya Miles yenye kiziba inakuja karibu mno hadi unasikia pumzi kabla ya noti.

Hata hivyo nilipofanya jaribio la pili, mono iliondoka yenyewe kwenye orodha. Kanda ya 1959 ilikuwa na njia tatu, na stereo imefuata mpangilio wake: Coltrane na piano wako kushoto, Miles na besi katikati, Adderley na drams kulia. Maana yake ni kwamba mwanafunzi akizima spika ya kulia anabaki na piano ikiwa wazi kabisa, na anaweza kumfuata Bill Evans kidole kwa kidole anavyoweka viitikio nyuma ya mpigaji mwingine bila kumsukuma. Mwenye drams naye akizima ya kushoto anamsikia Jimmy Cobb akilishikilia lile toazi kwa mkono mwepesi. Mwalimu yeyote angelipia ghali kupata nafasi hiyo, na stereo inaitoa bure. Nimemrudishia rafiki santuri yake kwa shingo upande.

16 Februari 2025

Nimepitia matoleo ya kifahari, na sitayaandikia mengi kwa sababu hayako ndani ya uwezo wetu. Kampuni ya Mobile Fidelity walitoa kasha la santuri mbili za mizunguko 45 mwaka 2015, na Analogue Productions wakatoa lao mwaka 2021 likiwa limeandaliwa na fundi Bernie Grundman. Grundman huyohuyo aliiandaa albamu hii kwa Classic Records katika miaka ya 1990, na mpango wa toleo lao la santuri mbili naupenda kuliko yote: upande wa kwanza umewekwa mara mbili, kwa kasi ya kale na kwa kasi sahihi, ili msikilizaji alinganishe mwenyewe. Lingekuwa somo kamili ndani ya jalada moja. Nakala zake leo zinauzwa kwa wakusanyaji, kwa bei ambayo ingenunua tarumbeta iliyotumika.

Zaidi ya bei kuna suala la chumba. Kiko hatua chache kutoka baharini, chumvi na vumbi vinaingia madirishani, na sindano itashikwa na mikono mingi inayojifunza. Santuri ya thamani ingekwaruzwa kabla ya masika kwisha. Ninaanza kuelemea upande wa CD, jambo ambalo sikulitarajia mwezi uliopita.

23 Februari 2025

Leo tumesikiliza CD mbili bila kujua ipi ni ipi. Ya kwanza ni ya miaka ya 1980, ya mfululizo wa Columbia Jazz Masterpieces, inayotambulika kwa fremu ya buluu iliyoibana picha ya Miles jaladani. Ya pili ni ya mwaka 1997. Mpwa wangu ndiye aliyezibadilisha nyuma ya pazia, na kabla ya hapo tulisawazisha ukubwa wa sauti kwa makini, kwa sababu sauti iliyo kubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora hata pale isipokuwa bora. Tulikuwa watano: mimi, mwalimu wa tarumbeta na vijana watatu.

Katika All Blues hatukuafikiana. Wawili waliipenda ya zamani, wakasema matoazi yake hayachomi. Mwalimu na mimi tuliipenda ya 1997 kwa sababu kila ala inajulikana imekaa wapi. Mmoja alisema haoni tofauti, na nimeiandika kauli yake kwa uzito uleule.

Katika So What mambo yalikuwa mengine. Kijana wa saksofoni alipiga noti moja, akasikiliza, akapiga tena, kisha bila kuulizwa akasema, "Hii ya kwanza inanikataa, Mwalimu." Ilikuwa ile yenye fremu ya buluu. Kwenye ya 1997 aliingia moja kwa moja na kubaki humo dakika nzima. Mwendo nao una tofauti: toleo lililorekebishwa lina utulivu ambao nilikuwa nikidhani ni wa maelezo ya vitabu tu. Kibao chote kinachukua dakika 9 na sekunde 22, na sehemu ya besi na piano ya mwanzo, kabla ya kikundi kuingia, inapewa nafasi ya kutua.

2 Machi 2025

Leo ni miaka 66 tangu kikao cha kwanza, na nimeona inafaa uamuzi uandikwe siku hii.

Tunanunua CD ya stereo ya mchanganyo wa 1997, kutoka kwa muuzaji aliyenipigia picha ya nyuma ya jalada na ya maandishi yaliyo kwenye CD yenyewe. Niliomba picha ya orodha ya vibao kwanza: vikiwa sita, pigo la pili la Flamenco Sketches likiwa la mwisho, ni ishara nzuri kwamba toleo linatoka baada ya marekebisho, ingawa kipimo cha mwisho kinabaki kuwa kinanda. Kwa wenzetu wanaosikiliza kwa simu, kipimo ni hichohicho: wasitegemee mwaka ulioandikwa chini ya picha, maana mara nyingi huandikwa 1959 tu hata sauti ikiwa ya juzi, wabonyeze D na kusikiliza besi.

Santuri ya baba nayo itaingia chumbani, kwa mkopo wangu, kwa ajili ya somo moja tu la mwaka: upande wa kwanza, kisha upande wa pili, na kinanda katikati.

15 Machi 2025

CD imefika salama na imepita kipimo. Nimeandaa kadi yake kwa mwandiko wa mkono, yenye majina ya wapigaji saba, alama inayoonyesha nani yuko spika gani, na angalizo kwamba Adderley hapigi kwenye Blue in Green ili asiwepo atakayemtafuta upande wa kulia bure. Nimeongeza onyo kuhusu majalada ya mwanzo kabisa ya 1959, ambayo yaliandika Flamenco Sketches kabla ya All Blues ilhali kwenye santuri mpangilio ni kinyume. Anayetaka kuhakikisha asikilize ule mwendo wa kubembea wa sita kwa nane, wenye piano inayotetema, ambao ni wa All Blues.

Kazi moja imebaki. Piano kuukuu ya chumbani imeshuka noti kwa sababu ya unyevu wa bahari, na mtu akiipiga pamoja na CD hii ataikuta iko chini, kisha ataishuku CD. Nimeandika kwenye kadi kwamba kipimo ni kinanda cha umeme mpaka fundi wa piano apatikane, na nimeanza kumtafuta.